Maumivu Yanayokuja Baada ya Miaka: Mhadhara juu ya Utumbo Uliobadilishwa Njia



Nianze na jambo ninalotaka mwondoke nalo, lisije likapotea katikati ya maelezo. Mtu aliyewahi kufanyiwa baipasi ya tumbo ili apungue uzito, akishikwa na maumivu makali ya tumbo, hata kama imepita miaka kumi, hata kama vipimo vyote vimetoka safi, aonwe na mpasuaji siku hiyo hiyo. Asiambiwe arudi kesho, wala asisubirishwe amalize dozi ya dawa za vidonda vya tumbo. Mengine yote nitakayosema jioni hii ni sababu za kauli hiyo.

Wako watakaouliza jambo hili linatuhusu nini sisi. Linatuhusu. Upasuaji wa kupunguza uzito unafanyika Nairobi, na Waafrika Mashariki wengine huufuata India, Uturuki, Afrika Kusini na Falme za Kiarabu. Tuna ndugu Muscat, London na Minneapolis waliofanyiwa huko huko, na likizo ikifika wanakuja nyumbani. Maumivu hayachagui mji wenye bingwa. Humkuta mtu Tanga, Kisumu au Bujumbura, saa tisa usiku, na aliye zamu huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa namna hii. Kovu lenyewe halimsaidii, kwa kuwa siku hizi upasuaji huu hufanywa kwa matundu madogo. Baada ya miaka michache yamebaki madoa matano au sita ya ukubwa wa ukucha, na nguo ikifunuliwa haraka hayaonekani.

Wapasuaji wenyewe walichelewa kujifunza kwamba utumbo unaweza kudai deni lake baada ya muda mrefu. Mwaka 1954 Kremen, Linner na Nelson, wapasuaji wa Marekani, walichapisha majaribio yao kuhusu kazi ya sehemu mbalimbali za utumbo mwembamba katika lishe. Kutokana na majaribio hayo ukazaliwa upasuaji wa kuruka karibu utumbo mwembamba wote. Katika mtindo mmoja uliopata umaarufu, sentimita 35 hivi za juu ziliunganishwa na sentimita 10 za mwisho. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una mita sita hivi. Zote zile za katikati ziliachwa kando, zikiwa hai lakini hazina kazi.

Watu walikonda kweli. Kisha miaka ikapita na mambo mengine yakajitokeza. Bakteria walistawi ndani ya utumbo uliolala bila kupitiwa na chakula, na sumu zao zikawaletea wagonjwa maumivu ya viungo. Mafuta yasiyofyonzwa yaliikamata kalisi ya chakula, na oksaleti iliyokosa kalisi ya kushikana nayo ikaingia kwenye damu na kutengeneza mawe ya figo. Ini liliharibika, kwa wengine hadi kufa. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 upasuaji huo ulikuwa umeachwa, na wagonjwa wengi wakarudishwa chumba cha upasuaji ili utumbo wao uunganishwe upya kama ulivyokuwa. Miaka karibu thelathini ilihitajika ili ushahidi uwe na uzito kiasi hicho. Ninaieleza historia hii kwa kuwa bado nasikia madaktari wakisema upasuaji fulani ni salama kwa sababu wagonjwa walitoka wodini siku ya tatu wakiwa wazima.

Baipasi tunayoijua leo ilianzia Chuo Kikuu cha Iowa, ambako Edward Mason alifanya ya kwanza mwaka 1966. Mason alijua kwamba watu waliokatwa sehemu ya tumbo kwa ajili ya vidonda hupungua uzito na hukaa hivyo. Umbo linalotumika sasa limejengwa juu ya uvumbuzi wa zamani zaidi, wa César Roux wa Lausanne, Uswisi, katika miaka ya 1890.

Mpasuaji hutenga sehemu ya juu kabisa ya mfuko wa tumbo na kubakiza kifuko kidogo cha mililita 30 hivi. Mfuko wa zamani hauondolewi. Unabaki pale pale, umefungwa upande wa juu, ukiendelea kutoa maji yake, na duodeni inaendelea kupokea nyongo na maji ya kongosho. Kisha utumbo mwembamba hukatwa. Ncha ya chini hupandishwa na kuunganishwa na kifuko kipya; tuuite mkono wa chakula, na mara nyingi una urefu wa mita moja hadi moja na nusu. Ncha ya juu, inayotoka kwenye tumbo la zamani, hushonwa ubavuni mwa mkono wa chakula huko chini. Huo ni mkono wa nyongo. Mikono ikikutana inakuwa njia moja, na hapo ndipo chakula hukutana na nyongo kwa mara ya kwanza. Ukiichora ubaoni unapata herufi Y.

Utumbo hauelei tumboni. Umeshikwa kwenye ukuta wa nyuma na utando mpana wenye mafuta, na ndani ya utando huo hupita mishipa yote ya damu inayoulisha. Madaktari huuita mesenteri. Ukikata utumbo na kuupandisha, utando nao unapasuka, na unaacha mianya ambayo haikuwapo mtu alipozaliwa. Mwanya mmoja uko pale mikono miwili inapokutana. Wa pili uko nyuma ya mkono wa chakula, kati ya utando wake na utando wa utumbo mpana. Unaitwa kwa jina la Walther Petersen, mpasuaji wa Kijerumani aliyeueleza mwaka 1900, wakati ambapo hakuna aliyewaza kumpasua mtu ili akonde. Mpasuaji akiupitisha mkono wa chakula kwa kutoboa utando wa utumbo mpana, anaacha na mwanya wa tatu.

Wengi mnaijua ngiri ya kinena na ya kitovu, ile inayotokeza nje mtu akikohoa. Ngiri ya ndani haitokezi. Utumbo hupenya kwenye mmoja wa mianya hii, pengine mita nzima au zaidi, ukajisokota na kubana mishipa yake mwenyewe. Mishipa inayorudisha damu ndiyo inayobanwa kwanza, kwa kuwa kuta zake ni laini. Damu inaingia na haitoki, utumbo unavimba, na uvimbe unaubana zaidi. Ikifika hatua ya damu kutoingia tena, saa zinahesabika. Utumbo uliooza ukikatwa ukiwa mrefu, aliyebaki hai anaweza kuhitaji kulishwa kwa mshipa maisha yake yote, na hospitali nyingi za ukanda wetu hazina uwezo wa kutoa huduma hiyo.

Kwa nini basi haitokei wiki ya kwanza, na badala yake inakuja baada ya mwaka, miwili, mitano? Siku ya upasuaji mesenteri ya mtu mnene imejaa mafuta, na mafuta hayo huiziba mianya. Mtu anapokonda, utando nao unakonda. Mwanya ambao ulikuwa umebanana unafunguka. Yaani kadiri upasuaji unavyotimiza lengo lake, ndivyo mlango unavyopanuka. Ndiyo maana mgonjwa wa ngiri ya ndani mara nyingi ni yule aliyefanikiwa sana. Anapofika mapokezi ni mwembamba, amependeza, na hakuna anayemtazama akawaza upasuaji wa unene.

Sababu ya pili inanigusa kama mpasuaji. Upasuaji wa kufungua tumbo ulikuwa ukiacha makovu mengi ndani, na makovu yaliugandisha utumbo mahali pake. Yalikuwa na madhara yake, lakini yaliuzuia kutembea. Mwaka 1994 Wittgrove na wenzake, kutoka San Diego, walichapisha taarifa ya baipasi iliyofanywa kwa matundu, na mtindo huo ukaenea duniani. Maumivu yalipungua, vidonda vya nje vikawa vidogo, watu wakarudi kazini mapema. Ndani, utumbo haukugandishwa na chochote. Ulibaki huru kupenya. Mikono yetu ilipokuwa mipole zaidi, ngiri ya ndani iliongezeka, na ilichukua miaka kadhaa kukubali kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano.

Sasa mgonjwa amefika. Anasema maumivu yako kwenye chembe cha moyo au kushoto juu ya kitovu, na yanachoma hadi mgongoni. Yamekuwa yakija na kuondoka kwa wiki kadhaa, mara nyingi baada ya kula. Leo hayakuondoka. Huku kwetu mtu huyu amekwisha kupewa jina la ugonjwa kabla hajakaa kitini: vidonda vya tumbo. Anapewa omeprazoli. Yapo mazingira ambamo dawa hiyo ni sahihi, lakini kwake imekuwa pazia.

Ugumu wake unaanzia kwenye kutapika. Tunafundishwa kwamba utumbo ukiziba, mtu hutapika, na akitapika nyongo tunajua kizuizi kiko wapi. Huyu kifuko chake ni kidogo mno na nyongo imehamishiwa mbali nacho. Anaweza asitapike kabisa, au akatoa povu tu. Kama uliobanwa ni mkono wa nyongo, maji ya tumbo la zamani, ya nyongo na ya kongosho yanaendelea kumiminika mahali pasipo na pa kutokea, na mrija wa puani haufiki huko kuyavuta. Tumbo la zamani linavimba hadi linaweza kupasuka, huku mgonjwa hajatapika hata mara moja. Kibaya zaidi, vimeng'enya vya kongosho hupanda katika damu, na daktari anaandika kwamba kongosho limevimba. Mgonjwa analazwa, anafungwa chakula, anapewa maji, anasubirishwa, na muda unakwisha.

Tumbo lake ukilibonyeza linaweza kuwa laini. Eksirei ya kawaida haionyeshi kitu. Lakteti katika damu, kipimo tunachokitegemea kutuambia kwamba kuna kiungo kinachokosa damu, inaweza kubaki ya kawaida mpaka muda uwe umekwisha. Kamera ya mdomoni inaona kifuko na mwanzo wa mkono wa chakula. Tumbo la zamani na mianya haivioni, kwa hiyo majibu yake mazuri hayamsafishi mgonjwa. Kipimo cha CT ndicho bora tulicho nacho, na dalili inayotafutwa ni mishipa ya mesenteri iliyojizungusha. Hata hivyo picha hiyo inataka jicho la mtu aliyeambiwa anatafuta nini. Ukiandika "maumivu ya tumbo" peke yake kwenye fomu ya ombi, umemnyima mtaalamu wa radiolojia neno moja ambalo lingemfanya atazame mara mbili. Na kuna siku picha inatoka safi kabisa kwa sababu utumbo ulipenya jana na kurudi alfajiri.

Hapo ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu. Wao husema mgonjwa mwenye CT safi aangaliwe tu. Mimi nasema akiwa na historia ya baipasi na maumivu yasiyolingana na unavyomkuta ukimpima, aingizwe kamera tumboni, tuone kwa macho. Ukiingia, usianzie juu, kwenye fundo, kwa sababu huko kila kitu kimevimba na utapotea. Anzia karibu na kidole tumbo, pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye utumbo mpana. Sehemu hiyo haijawahi kuguswa na upasuaji wa kwanza, imesinyaa, na iko mahali pake. Ifuate kwenda juu kwa mikono miwili, taratibu, na ngiri itajifungua yenyewe mkononi mwako. Ukikuta maji meupe kama maziwa tumboni usishtuke. Ni mafuta ya chakula yaliyovuja kutoka kwenye mishipa ya limfu iliyobanwa, na mara nyingi ukiyakuta, utumbo bado uko hai.

Mama mjamzito ananitia hofu kuliko wagonjwa wote wa kundi hili. Wengi wanaofanyiwa upasuaji wa unene ni wanawake walio katika umri wa kuzaa, na wengi hushika mimba kwa urahisi zaidi wakishapungua. Hushauriwa wasubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Mimba ikifika miezi mitatu ya mwisho, mji wa mimba unasukuma utumbo wote juu, kuelekea kwenye mianya. Mama anapolalamika, maumivu yanahesabiwa kuwa ya uchungu, ya kiungulia, au ya mtoto anayecheza. CT inaogopwa kwa ajili ya mionzi, na wanaosubiri kwa nia njema wanawapoteza wawili. Wakunga, nawaomba: kwenye kadi ya kliniki mnaandika kama mama alishazaa kwa upasuaji. Mwulizeni pia kama alishapasuliwa ili apungue, na mwulizeni akiwa peke yake. Wapo waliowaficha wakwe, na wapo waliowaficha waume.

Kuna tatizo jingine, na hili ni nadra kwelikweli. Hutokea kwa chini ya mtu mmoja katika kila mia waliofanyiwa baipasi. Utumbo hujimeza. Kipande kimoja kinaingia ndani ya kingine kama mkono wa kanzu unavyojikunja ndani mtu anapoivua kwa haraka. Madaktari wa watoto wanalijua hili kwa watoto wachanga, ambako kipande cha juu huingia katika cha chini kwa kufuata mwendo wa chakula. Baada ya baipasi mara nyingi huwa kinyume: njia ya pamoja inapanda juu na kuingia kwenye maungio ya mikono miwili. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mwendo wa utumbo huongozwa na mapigo ya umeme yanayoanzia kwenye duodeni. Ukiukata utumbo chini ya duodeni, mkono wa chakula unapoteza kiongozi wake, na vinazuka vituo vingine vya mapigo ambavyo baadhi hupiga kuelekea nyuma. Karibu wote wanaopatwa ni wanawake waliopungua uzito mwingi, miaka kadhaa baadaye. Hali hii nayo huja na kujiachia yenyewe, ndiyo maana mgonjwa anaweza kuzunguka hospitali tatu na kuitwa mwenye wasiwasi. Ukiuvuta tu utumbo ukatoka na kumshona, unaweza kurudia. Mara nyingi maungio yale hukatwa na kujengwa upya.

Niseme kwa ufupi juu ya dawa za maumivu. Diklofenaki na aibuprofeni, ambazo kila duka la dawa linauza kama karanga, zinaweza kuchimba kidonda pale kifuko kinapoungana na utumbo, na kidonda hicho kinaweza kutoboka. Sigara hufanya vivyo hivyo. Aliyefanyiwa baipasi aachane navyo vyote. Na muuguzi, ukimpokea aliyetapika kwa wiki kadhaa, usimtundikie dripu ya glukosi kabla ya kumpa vitamini B1. Akiba yake ya vitamini hiyo imeisha, na glukosi itamaliza iliyobaki. Ubongo unaweza kuharibika moja kwa moja.

Basi, mtu atauliza, kwa nini tufanye upasuaji wenye mambo haya? Swali ni la haki. Nchini Uswidi ulianza mwaka 1987 utafiti uliowafuatilia watu zaidi ya 2000 waliofanyiwa upasuaji wa unene wa aina mbalimbali, pamoja na idadi kama hiyo ya wasiofanyiwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha vifo vichache zaidi kwa waliopasuliwa. Kisukari cha wengi hutulia, shinikizo la damu hushuka. Mimi siwezi kumnyima mtu nafasi hiyo kwa ajili ya hatari inayoweza kutibika ikijulikana mapema. Na si kila upasuaji una mianya hii. Ule wa kukata tumbo likabaki kama mrija, ambao sasa ndio unaofanywa zaidi duniani, hauhamishi utumbo, kwa hiyo hauachi mianya ninayoizungumzia, ingawa una matatizo yake mengine.

Kwa wanaochagua baipasi, Uswidi hiyo hiyo ilitupa jibu jingine. Wagonjwa 2507 katika vituo 12 waligawanywa kwa kura: nusu mianya yao ilifungwa siku ile ile ya upasuaji, nusu iliachwa wazi. Matokeo yalitoka mwaka 2016 katika jarida la The Lancet. Ndani ya miaka mitatu, waliorudishwa kupasuliwa kwa utumbo kuziba walikuwa asilimia 10.2 kwa walioachiwa mianya, na asilimia 5.5 kwa waliofungiwa. Kufunga nako kuna gharama. Katika siku 30 za kwanza matatizo makubwa yalikuwa asilimia 4.3 kwa waliofungiwa dhidi ya 2.8, hasa kwa sababu uzi ukikaza vibaya unaupinda utumbo kwenye maungio. Nimezipima namba hizo, na nasimama upande wa kufunga. Mkunjo wa siku ya tatu unamkuta mgonjwa bado mikononi mwa aliyempasua, na mtu huyo anajua alichokishona. Ngiri ya mwaka wa tatu inamkuta yuko kijijini kwao msibani, kilomita mia nne kutoka kwenye kipimo cha CT kilicho karibu.

Kwa hiyo kama wewe, dada yako au mama yako mnajiandaa kwa safari hiyo, iwe Nairobi au Istanbul, kabla ya kusaini karatasi mwulizeni mpasuaji: mianya ya mesenteri utaifunga, na yote, au mmoja tu? Ombeni jibu liandikwe katika ripoti ya upasuaji, pamoja na aina ya upasuaji, tarehe, urefu wa kila mkono, na kama mkono wa chakula umepita mbele au nyuma ya utumbo mpana. Ombeni ripoti hiyo kwa Kiingereza au Kiswahili, maana nimeletewa ripoti ya lugha ambayo hakuna aliyeweza kuisoma wodini. Ipigeni picha, ikae kwenye simu ya mgonjwa, na nakala ikae kwa mtu mmoja wa nyumbani ambaye ndiye atakayezungumza siku mgonjwa mwenyewe atakapokuwa amejikunja kwa maumivu hawezi kusema.